Uzoefu wangu na dawa ya maji ya kikohozi kikavu yenye kiambato kimoja

Nyota nne kati ya tano. Dawa hii ina kiambato tendaji kimoja tu, dekstromethorfani, miligramu 15 katika kila mililita 5, na ndiyo sababu niliichagua. Uso wa kikasha huandikwa "mafua na kikohozi" kwa herufi kubwa, lakini usikuzubaishe; geuza ubavuni usome viambato. Dawa nyingi za mchanganyiko, yaani zenye viambato zaidi ya kimoja, zina parasetamoli ndani yake. Ukinywa hiyo, kisha ukameza vidonge vya parasetamoli kwa ajili ya homa, ni rahisi kuvuka gramu 4 kwa saa 24, kiwango cha juu kabisa kwa mtu mzima, na ini ndilo linaloumia.

Kazi yake ni kutuliza kikohozi kikavu, kile cha mkereketo kinachokunyima usingizi. Nimeiona inapunguza, haikati kabisa, na haiponyi kilicholeta kikohozi. Kama kifua kinatoa makohozi mengi, iache: makohozi yanatakiwa kutoka. Hapo watu hutumia gwaifenesini, dawa ya kulainisha makohozi, na maji ya kutosha, ingawa nayo usiitarajie miujiza.

Kipimo kwa mtu mzima na mtoto aliyetimiza miaka 12 ni mililita 10 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi mililita 40 kwa saa 24. Hesabu hiyo ni ya nguvu hii tu. Chupa nyingine inaweza kuwa na nguvu tofauti, kwa hiyo fuata lebo yake.

Nyota niliyoipunguza ni ya kifuniko cha kupimia. Mistari yake haina rangi, imechomoza tu kwenye plastiki ileile inayoonyesha ndani, na usiku huioni. Kiweke mezani, inama mpaka jicho liwe sawa na mstari, ndipo umimine. Ukikishika mkononi na kukitazama kwa juu, utakosea. Sirinji ya kupimia dawa ya kunywa ni bora zaidi. Vijiko vya jikoni havilingani, achana navyo.

Asiyepaswa kuigusa ni anayetumia dawa za kundi la MAOI (hutumika kwa sonona au ugonjwa wa Parkinson), kama feneluzini au selejilini, au aliyeziacha chini ya siku 14 zilizopita. Anayetumia fluoksetini au paroksetini, ambazo ni dawa za sonona, amuulize mfamasia kwanza. Zikigongana, mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio na akili humvurugika. Hiyo ni dharura ya hospitali. Pombe nayo huongeza usingizi.

Mtoto wa chini ya miaka 6 nisingempa. Aliyetimiza mwaka mmoja hupata nafuu kwa mililita 2.5 hadi 5 za asali kabla ya kulala. Chini ya mwaka mmoja, asali ni marufuku, kwa sababu inaweza kumletea sumu ya botulizimu, ambayo hulegeza misuli.

Kikohozi kikipita wiki mbili, au kikija na damu, kubanwa pumzi, jasho la usiku au kukonda, usinunue chupa ya pili, nenda ukapimwe. Na kama unatumia enalaprili au lisinoprili kwa shinikizo la damu, mwambie daktari. Dawa hizo zenyewe huleta kikohozi kikavu; atakubadilishia. Usiziache kwa uamuzi wako.