Ziara za Pikipiki Himalaya: Kabla Hujalipa, Uliza Utalala Wapi

Malalamiko yanayonifikia kuhusu ziara za kundi za pikipiki kule Ladakh, kaskazini mwa India, yanafanana mno. Msomaji mmoja wa Nairobi alilipia safari ya Manali hadi Leh, mji mkuu wa Ladakh. Usiku wa pili, kwenye mahema ya Sarchu, kambi ya njiani, nusu ya kundi ilikuwa nje inatapika gizani, na mwenzao mmoja akamalizia safari ndani ya gari la mizigo huku pikipiki yake ikiendeshwa na fundi. Dada mwingine wa Dar anasema anachokumbuka ni kichwa kumpasuka siku tatu mfululizo. Milima yenyewe hakuiona. Wote wawili wanajilaumu: labda sikufanya mazoezi ya kutosha, labda ni umri. Jamani, hapana. Miili yenu ilifanya kile ambacho mwili wa binadamu hufanya. Ubovu ulikuwa kwenye ratiba, na ratiba hiyo mliuziwa kwa fedha nzuri.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia mandhari, chakula, wala kama kuna kiongozi na fundi. Kampuni yoyote inayojiheshimu inavyo hivyo. Nataka uangalie jambo ambalo karibu kila kipeperushi hulikalia kimya: mwinuko wa mahali unapolala, usiku hadi usiku. Vilele vya barabara utatajiwa vyote kwa herufi kubwa. Khardung La (“la” ni njia ya kupita mlimani), mita 5,359, ingawa kibao kilichosimikwa pale kimekuwa kikidai zaidi. Umling La, mita 5,798, iliyoingia kwenye rekodi za Guinness mwaka 2021, karibu inagusana na Uhuru yetu yenye mita 5,895. Lakini kileleni unakaa dakika kumi, unapiga picha, unashuka. Kinachokuumiza ni kitanda.

Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanalijua hili miguuni: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na waongozaji wanakuimbia pole pole mpaka unachoka kuisikia, tena wenye busara wanakuongezea usiku mmoja Horombo. Kutembea kunakulazimisha kwenda taratibu. Pikipiki haina huruma hiyo. Unavuta mafuta, na kati ya chai ya asubuhi na chai ya jioni umepanda mita elfu mbili bila hata jasho. Madaktari wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usiku wa leo usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko wa jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike bila kupanda.

Sasa chukua ratiba ile inayouzwa zaidi. Usiku wa kwanza Manali, karibu mita 2,000. Wa pili Jispa, kama mita 3,200. Wa tatu Sarchu, karibu mita 4,300. Zile za haraka zinairuka Jispa kabisa na kukupeleka Sarchu moja kwa moja. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi ushauri ule umekanyagwa.

Na Sarchu ina ubaya mwingine ambao hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia kabla sijamuuliza. Tiba ya kweli ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Lakini kutoka Sarchu, ukirudi kusini lazima uvuke Baralacha La, karibu mita 4,900. Ukienda kaskazini kuna Nakee La, halafu Lachulung La iliyo juu ya mita 5,000. Yaani mgonjwa hawezi kushuka mpaka kwanza apandishwe. Usiku, kwenye baridi kali, hospitali ikiwa mbali. Mtu anayekohoa na kuhema akiwa amekaa tu, au anayeyumba akijaribu kutembea mstari ulionyooka, huyo yuko hatarini kufa, na umemlaza bondeni kati ya kuta mbili.

Ongeza kwamba kesho yake anatakiwa kuendesha. Pale Gata Loops kuna kona 21 za kukunja kiwiko, malori yanashuka, ukingo hauna kizuizi. Dereva ambaye hakulala, hakula, anayesahau hata yuko gia ya ngapi, hapaswi kuwa kwenye ile barabara.

Kwa kipimo hicho cha kitanda, hivi ndivyo ninavyozipanga.

Ya kwanza, na naipenda wazi kabisa, ni bonde la Spiti kwa kuingilia Shimla na Kinnaur. Shimla mita 2,200, Kalpa karibu 2,950, Tabo karibu 3,300, Kaza karibu 3,650. Angalia namba hizo zinavyopanda ngazi kwa ngazi, kama vile zimepangwa na daktari. Mchana unatoka Kaza kwenda Hikkim, kwenye posta yake maarufu iliyo karibu mita 4,400, unatuma kadi, jioni unarudi kulala chini. Wageni tunahitaji kibali kwa kipande cha kati ya Reckong Peo na Tabo, na kampuni ya kundi hukushughulikia. Julai na Agosti maporomoko hukata barabara ya Kinnaur, kwa hiyo tafuta tarehe za Septemba.

Kutoka Kaza unavuka Kunzum La kwenda upande wa Manali, na hapo ndipo utakapojua kama kiongozi wako anajua kazi. Kuanzia Batal barabara ni mawe na maji. Vijito vinatokana na theluji inayoyeyuka, hivyo asubuhi vimelala na alasiri vimejaa. Kiongozi mzuri anakutoa kitandani alfajiri. Mkifika majini anasimamisha kundi, anavua miwani, anavuka kwa miguu kwanza, maji yakimfika kwenye muundi, anatafuta kwa kisigino mahali mawe hayatembei. Kisha anasimama upande wa chini wa mkondo na kuwaita mmoja mmoja: gia ya kwanza, macho ng'ambo, usiguse klachi. Tairi la mbele linateleza juu ya jiwe, linajirekebisha, unatoka. Huyo ndiye mtu unayemlipa.

Tahadhari: Spiti hiyohiyo ikiuzwa kwa kuanzia Manali inaharibika. Wanakulaza Chandratal usiku wa kwanza, kama mita 4,250, ukitoka mita 2,000. Mahali ni palepale, picha ni zilezile, hatari ni tofauti kabisa. Uliza mwelekeo.

Ya pili ni kuingia Ladakh kwa Srinagar na Kargil, kisha kutokea Manali. Srinagar ni karibu mita 1,600, Kargil kama 2,700, Leh 3,500. Sarchu inakuja mwishoni, mwili ukiwa umeshazoea, na hapo ni usiku wa kawaida tu wenye nyota nyingi. Kwa mwinuko pekee ningeiweka sawa na ile ya kwanza. Kinachoishusha ni usalama wa Kashmir, ambako Srinagar ipo: baada ya shambulio la Pahalgam la Aprili 2025 lililoua watu 26, soma tahadhari za serikali yako na uulize bima yako kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.

Ya tatu ni kuruka Delhi hadi Leh na kuzunguka kutokea hapo. Ndege inakutoa karibu mita 200 na kukuweka 3,500 kwa saa moja na ushei, kwa hiyo nakubali kwa masharti tu: siku mbili kamili Leh bila kuwasha pikipiki, halafu bonde la Nubra kwanza, kwa sababu kijiji chake cha Hunder kiko karibu mita 3,100, chini kuliko Leh. Ziwa Pangong, mita 4,250 hivi, liwe mwishoni. Ratiba inayokupandisha Khardung La asubuhi baada ya kutua, irudishe kwa aliyekutumia.

Mustang ya Nepal ina vitanda vya chini: Kagbeni kama 2,800, Lo Manthang kama 3,840. Adui pale ni upepo wa bonde la Kali Gandaki unaoamka karibu na adhuhuri, pamoja na kibali maalumu cha kuingia Mustang ya juu. Bhutan ni salama, ina lami nzuri, ila serikali inatoza dola 100 kwa kila usiku kabla hujalipa kampuni senti moja. Wenye nazo waende.

Zile za bei ya chini, Manali hadi Leh kwa haraka na mahema ya Sarchu? Ziache.

Pikipiki: chukua Royal Enfield Himalayan 450, na sibishani na mtu. Imeundwa Chennai kwa barabara hizi, ina nguvu farasi kama 40, tangi la lita 17, na mafundi wa njia nzima wanaijua. Hewa ya mita 5,000 ina oksijeni karibu nusu ya ile ya Mombasa, na injini nayo inapumua; ndiyo maana sikushauri zile za cc 350 zenye mabegi na abiria wa nyuma. Kama wewe ni mfupi kama mimi, uliza kiti cha chini mapema, au Himalayan ya zamani ya 411 yenye kiti cha milimita 800. Inavuta polepole, lakini miguu yote inafika chini. Royal Enfield yenyewe huandaa safari zake za Himalaya kwa wageni, na kama nafasi ipo na mfuko unaruhusu, naziamini kuliko nyingine kwa upande wa mashine na vipuri.

Kuhusu bei, wauzaji wananikasirisha. “Bei kuanzia” haina petroli, haina vibali, haina chumba cha peke yako, na abiria wa nyuma anatozwa karibu sawa na dereva. Dhamana ya uharibifu inashikiliwa mpaka mwisho, halafu mkwaruzo uliokuwepo tangu siku ya kwanza unageuka wako. Piga video ya pikipiki yote mbele yao kabla hujaikalia. Pia pikipiki ya kukodi ya Manali haikubaliki kutembelea Nubra wala Pangong, kwani vyama vya wakodishaji wa Leh vinataka utumie ya kwao. Kampuni zinalijua hilo miaka yote, lakini mteja anaambiwa akishafika Leh, na anaongezewa bili ya pikipiki nyingine. Huo ni wizi wa mchana. Tena kuna mawakala wa huku kwetu na wa Dubai wanaouza safari ileile ya Mhindi kwa nyongeza nono bila kujibu swali moja la ratiba. Mimi nilimwomba mmoja orodha ya mwinuko wa kila kituo cha kulala, akanitumia tena picha za ziwa.

Katika mkataba, dai viandikwe hivi: mitungi ya oksijeni ndani ya gari la msaada, kiti kimoja kitupu humo kwa ajili ya mgonjwa, na gari hilo litembee nyuma ya kundi, lisitangulie kambini. Simu ya setilaiti usibebe, kwani India hairuhusu bila kibali na watu wamekamatwa. Laini za kulipia kabla kutoka majimbo mengine hazishiki Ladakh, hivyo kiongozi awe na ya malipo ya baadaye. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, huwasaidia wengi, lakini zungumza na daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Ukitokea Kenya au Uganda, beba kadi ya homa ya manjano, chanjo ikiwa imepigwa angalau siku kumi kabla. India haina mchezo na hilo, watakuweka karantini. Leseni yako iwe na daraja la pikipiki, upate na kibali cha kimataifa cha udereva. Bima iulize maswali mawili: inalipa hadi mita ngapi, na pikipiki ya cc ngapi? Nyingi zinakomea chini ya Khardung La, na kampuni ya ziara haitakukumbusha, kwa sababu fomu uliyosaini inasema bima ni jukumu lako.