Postikadi za duka la nyavu: uso unapendeza, mgongo umeangusha kazi

Kadi hizi zimechapwa katika steshenari moja ya katikati ya jiji la Mwanza kwa ajili ya duka la nyavu na taa za kuvulia dagaa. Ni A6, yaani milimita 105 kwa 148, karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, usoni zimewekwa plastiki ya kung'aa.

Ukataji umenyooka. Mbunifu aliacha milimita 3 za ziada kila upande. Bila hizo, kisu kikiyumba kidogo tu unabaki mstari mweupe pembeni. Picha nayo ni kali kwa kuwa ilikuwa na pikseli 1,800 kwa upana, tena ilitumwa WhatsApp kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kufifia. Bluu ya ziwa tu ndiyo imegeuka zambarau: faili lilitengenezwa kwa rangi za skrini, RGB, na mashine huchapa kwa wino wa rangi nne, CMYK. Geuza faili mapema, halafu dai sampuli moja mkononi kabla ya kuruhusu zilizobaki.

Geuza kadi sasa. Orodha ya bei imetapakaa nyuma nzima kwa herufi za kupekua na miwani. Huku kwetu barua kwa kawaida huingia kwenye sanduku la posta, haimfuati mtu nyumbani, kwa hiyo nusu ya kulia ilipaswa kubaki tupu kwa jina, S.L.P. na stempu. Kushoto panatosha ofa moja, tarehe ya mwisho na namba ya simu. Msimbo wa QR wa sentimita 1 juu ya picha simu nyingi zitaukataa. Upewe sentimita 2 na ukingo mweupe kuuzunguka.

Halafu kadi zinajikunja kuelekea usoni. Nyuma karatasi inafyonza unyevu wa ziwa na kutanuka, upande wenye plastiki hautanuki. Kuweka plastiki pande zote kutainyoosha, ila kalamu itateleza na mhuri utachafuka. Afadhali kuiacha plastiki kabisa na kupanda hadi gramu 350.

Mchapaji halaumiwi kwa tarehe za ofa. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi ikiwaka, wakashona nyavu, na kurudi majini siku za giza, zisizo na mbalamwezi, zikirejea. Hizo siku za nchi kavu ndizo za kumfikia mwenye mtumbwi, maana yeye ndiye mnunuzi. Ofa hii inaanza na kuisha ndani ya siku za giza, wavuvi wakiwa ziwani usiku na usingizini mchana.