Aerosmith: ukiwa na pesa ya albamu moja tu, nunua ipi?

Pesa yangu ya kwanza kwa Aerosmith niliitupa. Nilikuwa natafuta "Dream On", nikakuta CD imeandikwa Big Ones, nikajiambia haiwezekani ikakosekana humo. Imekosekana. "Sweet Emotion" haimo, na "Walk This Way" haimo pia. Mkusanyo ule wa 1994 ni wa nyimbo za lebo ya Geffen peke yake, na hizo nilizozitaka ni za enzi ya Columbia. Bendi hii ya Boston, iliyoanza 1970, imeishi maisha mawili chini ya lebo mbili. Asiyejua hilo ataendelea kununua kimakosa kama mimi.

Namba moja ni Toys in the Attic ya 1975, na hapo sibishani na mtu. Dakika 37 hivi, prodyuza Jack Douglas, hakuna wimbo wa kujazia nafasi. Ukiipata kwenye santuri iliyotumika, usidanganywe na kava safi. Toa sahani, iinamishe chini ya taa. Mkwaruzo unaoweza kuugusa kwa ukucha utausikia kwenye spika. Kisha mwombe muuzaji aweke sindano mwanzo wa upande wa pili. Hapo ndipo "Sweet Emotion" inapoanzia: besi ya Tom Hamilton inanyemelea taratibu, halafu gitaa la Joe Perry linatamka maneno kama mtu. Mwanzo ule ni mtulivu, hivyo kila tiki-tiki ya vumbi na mikwaruzo itajianika. Sogeza sindano hadi wimbo wa mwisho wa upande huohuo, "You See Me Crying". Pale karibu na kitovu ndipo santuri iliyochezwa na sindano mbovu huanza kukoroma. Vinanda vikitoka safi, lipa uondoke.

Namba mbili, Rocks ya 1976. Najua wapo watakaosema nimepindua, na Slash, mpiga gitaa wa Guns N' Roses, angekuwa upande wao, maana amesema mara nyingi kwamba albamu hii ndiyo iliyombadilisha akiwa kijana. Ni nzito na chafu kuliko Toys. Kwenye "Back in the Saddle" Perry anapiga besi ya nyuzi sita, na ule mngurumo unatetemesha meza. Kwa masikio mageni, hata hivyo, inataka uvumilivu. Anza na Toys, hii ifuate mwezi ujao.

Ya tatu ni Pump ya 1989. Perry aliondoka 1979, akarudi 1984, na 1986 Run-DMC wakairudia "Walk This Way" pamoja na Perry na Steven Tyler, mwimbaji wa Aerosmith. Vijana ambao hawakuwahi kuisikia bendi hii wakaijua kupitia rap. Ndipo Aerosmith wakaacha dawa za kulevya, wakaenda Vancouver kwa prodyuza Bruce Fairbairn. "Janie's Got a Gun", kisa cha binti aliyedhulumiwa na baba yake mwenyewe, iliwapa Grammy. Hii chukua CD, usihangaike na santuri.

Albamu ya kwanza kabisa, Aerosmith ya 1973, naiweka ya nne kwa ajili ya "Dream On" na "Mama Kin", ambayo Guns N' Roses waliirekodi baadaye. Zilizobaki zina utoto. Usishangae sauti ya Tyler kuwa nzito kuliko ulivyoizoea.

Get a Grip ya 1993 iliuzwa sana, lakini inazidi saa nzima, na "Cryin'", "Amazing" na "Crazy" ni ndugu wa tumbo moja. Kwa santuri inahitaji sahani mbili, na bei hupanda. Rock in a Hard Place ya 1982 iache, Perry hayupo.

Na mikusanyo? Greatest Hits ya 1980 ina nyimbo 10 na imeuzwa nakala zaidi ya milioni 10 Marekani, ila baadhi ya nyimbo zimekatwa, ikiwemo "Sweet Emotion". Kama ni zawadi ya mtu anayeijua "I Don't Want to Miss a Thing" tu, ile ya 1998 iliyowapa namba moja yao pekee kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, mnunulie O, Yeah! ya 2002. Ni CD mbili zenye maisha yote mawili.

Tiketi ya ziara usiiwekee akiba. Agosti 2024 walitangaza kuacha ziara kwa sababu ya jeraha la sauti ya Tyler. Anayetaka kelele za jukwaani atafute Live! Bootleg ya 1978, santuri mbili ndani ya kava lililochorwa makusudi lifanane na mali ya magendo. "Draw the Line" haikuorodheshwa kwenye kava lakini imo, upande wa nne, baada ya "Mother Popcorn". Usimrudishie muuzaji ukidhani kakuuzia nakala mbovu.