Mazabodi tatu ndani ya miezi minne: uzoefu wangu

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za kijana wa kaunta, ambaye hata siku moja hakunipandishia sauti. Duka silitaji.

Nilitaka kompyuta ya mezani ya kuhariri video za harusi. Nikanunua vitu vyote duka hilo moja la hapa mjini Unguja: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600, ramu, mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) ya B450, na kesi (si ya mahakamani, ingawa ilikaribia) iliyokuja na pawa sapulai yake ndani (kisanduku kinachogawia vifaa umeme), imebandikwa wati 500. Sapulai yenyewe nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Nilifurahia bei tu.

Mazabodi ya kwanza haikutoa picha. Feni zinazunguka, kitaa chekundu cha CPU (yaani prosesa) kinawaka, kioo cheusi. Wakanibadilishia bila maneno. Ya pili ikafanya kazi, nikamaliza harusi mbili. Wiki ya tano, usiku, video ndiyo inapikwa (kompyuta inaitoa ikiwa kamili), nikasikia tak! Chumba kikajaa harufu ya samaki wa kuungua. Mama akaita kutoka ndani: "Nani kasahau jiko?"

Dukani nikaambiwa, "Ndugu yangu, hii imeungua, na waranti haihusu kuungua. Umeme wa kwenu huo." Nikakosa la kujibu. Sisi umeme wetu unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na aliyekuwepo hapa mwisho wa 2009 anaikumbuka ile miezi mitatu ya giza. Mzanzibari ukimwambia mkosa ni umeme, habishi. Nikanunua ya tatu kwa shilingi 240,000, na stebilaiza juu yake. Siku kumi na tisa. Tak, samaki.

Ndipo nikapelekwa kwa fundi mmoja mtu mzima, mtaa wa Mlandege. Mazabodi hakuiangalia hata. "Sapulai iko wapi, mwanangu?" Akachukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi kwenye ile plagi kubwa, feni ikazunguka. Akaweka mita kwenye waya wa njano: volti 12.2. Nikasema si nzima hiyo? "Subiri." Akaipa mzigo wa taa mbili za gari. Mita ikaanza kucheza: 11.0, 12.9, 11.2. Inatakiwa isishuke chini ya 11.4 wala isipite 12.6. Alipoifungua, kapasita (vikopo vidogo vya kutuliza umeme) zimevimba vichwa, na kwenye ubao mna nafasi tupu zilizochapwa alama za vifaa ambavyo kiwandani hawakuvitia. Stebilaiza yangu ilikuwa inalinda umeme unaoingia. Umeme mchafu ulikuwa unatoka humo humo ndani ya sapulai.

Akaniuliza na habari za ile mazabodi ya kwanza, akacheka. B450 zilitoka 2018, prosesa yangu ni ya 2022. Bodi iliyokaa kabatini na BIOS (programu ya kuwashia iliyomo ndani ya bodi) ya zamani haiitambui prosesa hiyo mpaka isasishwe. Kwa hiyo huenda ile haikuwa mbovu hata kidogo. Muuza mazabodi alipaswa kulijua hilo kabla yangu mimi.

Nikarudi na sapulai mkononi. Jibu: sapulai haina waranti, ilikuja bure na kesi. Bure! Iliyonila mazabodi mbili.

Sapulai mpya nimeifuata Dar kwa boti ya saa moja asubuhi, nikarudi nimeipakata mapajani, nzito kama tofali. Mazabodi ya nne ina miezi saba sasa, na prosesa imesalimika, kwa dua za mama bila shaka. Ile sapulai ya zamani nilitaka iwe ya kuzuia mlango usijifunge. Haifai. Kusi ikivuma, mlango unaisukuma.