Monita za Masikioni kwa Bendi: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Kisubiri

Wanamuziki wa Arusha wakitaka kuhamia monita za masikioni, yaani iafoni za kujisikia jukwaani badala ya spika, swali la kwanza huwa hili: wayalesi (seti isiyo na waya) gani ni nzuri? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Nimepiga gita la besi kanisani na harusini kwa miaka mingi, Njiro mpaka Majengo ya Moshi, na pesa nyingi nilizoona zikipotea zilipotelea kwenye wayalesi iliyonunuliwa kabla ya miksa kuwa na uwezo wa kumpa kila mtu miksi yake, yaani mchanganyiko wa sauti anaotaka kuusikia. Mpiga dramu anataka kiki (dramu kubwa ya mguu) na besi, muimbaji anataka sauti yake na kinanda. Wote wakipewa miksi moja, ugomvi wa jukwaani utabaki palepale.

Kwa hiyo kabla hujashuka Kariakoo au kuvuka Namanga kwenda Luthuli Avenue, Nairobi, geuza miksa yako uhesabu matundu yaliyoandikwa AUX, ya kutolea sauti ya ziada. Kila tundu ni miksi moja. Kisha hakikisha AUX hizo zinachukua sauti kabla ya feda, yaani kabla ya kile kitelezo cha kusukuma juu na chini. Zikichukua baada yake, fundi mitambo akipunguza kinanda kwa ajili ya ukumbi, mpiga kinanda naye ananyang'anywa sikioni. Miksa nyingi ndogo zina AUX moja tu, nayo ni ya eko. Hiyo haifai kwa kazi hii.

La kwanza: kikasha cha waya

Kwa bendi nyingi za hapa, chaguo langu ni Behringer P2. Ni kikasha kidogo cha kubana kiunoni kinachotumia betri mbili za AAA, kinachopokea waya kutoka AUX na kuendesha iafoni, na kitufe cha sauti kiko mkononi mwako. Mpiga dramu, mpiga kinanda na mpiga besi hawatembei jukwaani. Waya hauwapunguzii kitu. Hakuna masafa ya redio ya kugombania, hakuna mlio wa ghafla katikati ya wimbo. Nunua na betri za akiba siku hiyohiyo, na uagize waya mrefu wenye plagi imara, kwa sababu unaoharibika mara nyingi ni waya, kikasha kinabaki.

Behringer HA400 ina matundu manne ya hedifoni na inavutia, lakini ielewe vizuri: wote wanne wanasikia miksi ileile, kila mmoja anaongeza au kupunguza sauti tu. Kwa mazoezi ya kwaya inafaa sana. Kwa bendi kamili, hapana.

La pili: miksa ya dijitali

Kama AUX hazitoshi, pesa iende hapa, hata kama wayalesi itasubiri mwaka mzima. Behringer XR18 ina AUX sita, na kila mwanamuziki anaweza kurekebisha miksi yake kwa simu. Soundcraft Ui24R nayo hufunguka kwenye kivinjari cha simu bila kupakua programu. Kwa XR18 nakusihi usitegemee wifi yake ya ndani. Iko kwenye 2.4 GHz, na ukumbi ukijaa wageni wenye simu utaona inakatika. Weka ruta ya nje yenye 5 GHz, na ruta pamoja na miksa vikae kwenye UPS, kile kikasha cha betri kinachoshika umeme ukikatika. Umeme ukikatika sekunde tano kabla jenereta haijawaka, miksa ya dijitali inazima na kuanza upya, na maharusi wako katikati ya ukumbi.

Kanisa lenye jukwaa la kudumu linaweza kwenda mbele zaidi na kuchukua P16-M, kimiksa cha chaneli 16 kinachokaa kando ya kila mpigaji na kuungwa kwa waya wa mtandao kutoka XR18 au X32, miksa nyingine ya Behringer. Kwa bendi inayofunga na kufungua vyombo kila Jumamosi, ni mzigo.

La tatu: zisizo na waya

Muimbaji anayecheza anahitaji uhuru, hilo sikatai. Xvive U4 ni nyepesi na inachajiwa, ila nayo iko 2.4 GHz, kwa hiyo ijaribu ukumbi ukiwa na watu. Seti zinazotumia masafa ya UHF, kama Shure PSM 300, ni thabiti zaidi. Tahadhari yangu kubwa ni mitumba kutoka Marekani. Huko masafa ya 600 MHz yalipigwa mnada kwa kampuni za simu mwaka 2017, ndiyo maana seti hizo zinauzwa kwa bei ya kutupa. Na kwa upande wetu wa dunia, 694 hadi 862 MHz ni masafa ya simu. Soma namba ya masafa nyuma ya kifaa kabla hujatoa hela, na ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kuhusu kibali.

Iafoni za Bluetooth ziache nyumbani. Sauti huchelewa kiasi cha kukutoa kwenye mdundo.

Iafoni zenyewe

Shure SE215 ndiyo ninayopendekeza. Marekani huuzwa karibu dola 100, na bandia ni nyingi, basi bei ikiwa ya ajabu ondoka. Mfuko ukiwa mdogo, KZ za China zinafanya kazi ya heshima. Lakini chochote utakachonunua, jaribu vimpira vyote vilivyomo kwenye boksi mpaka sikio lizibe. Sikio lisipoziba, besi inapotea, nawe unaongeza sauti. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu kikomo kuwa desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Usitoe iafoni moja pia. Utaongeza ile iliyobaki bila kujua. Omba fundi awashe limita, kizuizi cha sauti kupita kiasi, kwenye kila AUX.

Unapopanga miksi, anza na sauti yako, weka kiki na kinanda, kisha simama. Ongeza kitu pale tu unapokosa njia.

Na kwa kuwa sikio lililozibwa halisikii ukumbi, nunua maiki mbili za bei nafuu zielekee kwa watu, ziingie masikioni tu, zisitoke ukumbini. Harusi moja Moshi tulipiga bila maiki hizo. Bibi harusi akaingia, vigelegele vikapaa, nami nilikuwa nimeinamia besi yangu naendelea na wimbo wa chakula. Mpiga dramu ndiye aliyenirushia kijiti.