Ea fraya baada ya miezi minane: nilinunua jiko au nilinunua sauti?

Haya jamani karibuni tena, leo tunachambua ea fraya, na kabla sijasema chochote ngoja nibonyeze hapa kwanza. Mnaona? Viazi vimo ndani, nyuzi 180, dakika 18. Naongea mpaka ilie, ikilia tunaonja, kwa hiyo wewe unayependa kurusha vidio mpaka mwisho nenda tu, hatukugombezi, sisi wengine tubaki hapa tupige stori. Na hiyo sauti mnayoisikia nyuma kama ndege inataka kupaa, ndo yenyewe. Samahanini. Nilitaka kuifunika na mto nikakumbuka inatoa moto.

Hakuna aliyenipa hii mashine niisifie, nimenunua mwenyewe, na nilinunua saa saba usiku nikiwa kitandani, ambayo ni saa mbaya ya kununua chochote. Nilikuwa naangalia zile vidio za watu wasioongea. Mnazijua. Uso hauonekani, ni mikono tu, kisu, ubao, paja la kuku linachovywa kwenye unga, linaingia kwenye droo, linatoka lina rangi ya dhahabu, halafu yule mtu anachukua ncha ya kisu anaikwangua juu ya ngozi ya kuku karibu kabisa na maiki: krrr, krrr. Ile krrr ndugu zangu! Nilikuwa nimeshakula, nimeshiba, nimepiga mswaki, na bado nikanunua.

Sasa tuanze na jina, maana jina lenyewe limetuingiza mjini. Fraya maana yake kikaangio, na kukaanga sote tunajua ni mafuta ya moto na kitu kinaelea humo kinapiga kelele. Humu hamna hicho kitu. Siku moja niliichomoa kwenye umeme, ikapoa, nikaigeuza miguu juu nikachungulia na tochi ya simu, na nilichokikuta ni koili, yaani waya mnene umejizungusha kama konokono, na nyuma yake feni. Basi! Koili inapasha hewa moto, feni inaisukuma kwa kasi kwenye kikapu chenye matundu, hewa inazunguka inarudi juu inapashwa tena. Hiyo ni oveni ya feni, kitu cha miaka mingi, wamekifinya kikawa kidogo wakakiwekea droo. Na sisemi hivyo kwa dharau, kwa sababu huo udogo ndo unaofanya kazi, hewa haina pa kwenda, inapita pale pale kwenye chakula chako tena na tena kwa kasi, wakati kwenye oveni kubwa unasubiri kwanza lile pango zima lipate moto na njaa ishageuka kuwa hasira.

Anayetajwa kuwa nyuma ya hili wazo ni Mholanzi mmoja anaitwa Fred van der Weij, na Philips ndo walioitoa kwa jina la Airfryer, wakaionyesha Berlin mwaka 2010 kwenye yale maonyesho makubwa ya vifaa vya umeme. Na kabla hujalalamika kwamba inakula nafasi mezani, kumbuka maikrowevu ya kwanza kuuzwa, ya mwaka 1947, ilikuwa na kilo kama 340 na ilisimama kwa urefu wa mtu mzima. Hiyo huiweki jikoni, hiyo unaipangishia chumba.

Haya, kwa nini kitu kinakuwa krispi? Hapa nikae kidogo kwa sababu hapa ndo wengi mnakosea halafu mnakuja kwenye komenti kuitukana mashine. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Ina maana kiazi chako kikiwa bado na maji juu ya ngozi, ule upande wa nje hauwezi kupita hapo, joto lote linaishia kufukuza maji. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayowatoa watu vyumbani bila kuitwa inahitaji joto la nyuzi 140 na kitu kwenda juu, na kuna mkemia wa Kifaransa, Maillard, aliyeieleza hiyo shughuli mwaka 1912, ni sukari na vijenzi vya protini vinakutana kwenye moto vinafanya mambo yao. Kwa hiyo kama umeosha viazi ukavimwaga humo vikiwa vinatiririka maji, wewe huchomi, wewe unachemsha viazi kwa upepo. Loweka kwenye maji baridi nusu saa wanga utoke, halafu futa, futa kweli kweli, chukua kitambaa vifute kama unavyomfuta mtoto aliyetoka kuoga na ana haraka ya kukimbia. Kijiko kimoja cha mafuta, changanya na mkono. Na nusu ya muda ikifika unavuta droo unatikisa. Narudia kwa herufi kubwa, UNATIKISA, kwa sababu vilivyo chini havipati upepo. Asiyetikisa asije kunilalamikia.

Sasa turudi kwenye ile krrr, ndo hoja yangu ya leo. Miezi minane nimekula humu, na nimegundua kwamba ukifumba macho ukaziba na masikio, kuku wa ea fraya na kuku wa oveni huwezi kuwatofautisha kirahisi. Nimejaribu. Nilivaa hedifoni kubwa nikaweka muziki, nikala, nikashangaa chakula kimelegea mdomoni. Nikavua, kipande kile kile kikawa krispi. Nikajiona nimechanganyikiwa, kumbe kuna watu walishalifanyia utafiti hili tena kwa heshima zote, Charles Spence na Massimiliano Zampini, pale Oxford. Waliwapa watu vile vibanzi vya viazi vya kwenye kopo vinavyofanana vyote kama mapacha, wakawavalisha hedifoni, wakawa wanawasikilizisha sauti ya kutafuna kwao wenyewe lakini wanaichezea, wakiipandisha hasa zile sauti kali za juu. Na watu wakasema hivi ni vikavu zaidi, hivi ndo vipya! Vyote vimetoka kwenye chakula cha aina moja. Mwaka 2008 wakapewa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaokuchekesha kwanza halafu unakaa unaufikiria, na mimi ndo niko hapo kwenye kufikiria, maana nimetoa hela yangu kwa ajili ya kelele.

Halafu wale wa vidio wanalijua hili kuliko sisi. Unafikiri ile krrr ni kuku? Inaweza kuwa kuku. Inaweza pia kuwa kitu kingine kimerekodiwa pembeni, na kwenye filamu mbona tunadanganywa miaka yote na tunafurahi. Mifupa ikivunjika kwenye sinema, mara nyingi ni bua la mboga inaitwa seleri mtu analivunja mbele ya maiki. Kwato za farasi, vifuu vya nazi. Mtu anatembea kwenye theluji analia ameachwa, ni wanga wa mahindi kwenye mfuko unabinywa binywa na mtu aliyevaa kandambili studio. Tangu nijue hilo la seleri siwezi tena kuogopa ngumi za kwenye filamu, naona kachumbari tu.

Na hapo hapo kuna tatizo hakuna anayelisema. Chakula krispi na tamthilia haviendi pamoja. Hiki kifaa kinauzwa kwa picha ya familia iko kwenye kochi inatabasamu na bakuli katikati. Jaribu. Mhusika mkuu anakaribia kusema baba yake halisi ni nani, amevuta pumzi, muziki umenyamaza, na wewe mdomoni kacha kacha kacha, sauti inapita kwenye mifupa ya kichwa moja kwa moja hadi sikioni, husikii kitu. Unarudisha nyuma. Unangoja umeze. Mwenzako naye kaanza kutafuna. Sisi nyumbani tulirudia sehemu moja mara nne, mwishowe tukaweka maandishi chini, na tamthilia yenyewe ni ya lugha tunayoielewa vizuri sana.

Tuende kwenye mabaya, na yapo. La kwanza ni ukubwa. Boksi linasema inatosha familia, ni familia gani hiyo sijui, labda ya panya. Ukipanga mapaja ya kuku bila kubebana, na hayatakiwi kubebana, yanaingia manne. Mkiwa watano mnakula kwa zamu kama walinzi, wa kwanza anamaliza anaosha mikono anaaga, wa tatu anakula anaangalia saa, na wa mwisho ni mpishi, siku zote ni mpishi, anakula kasimama ameegemea sinki. Meza yetu ya chakula imekuwa kituo cha basi.

La pili ni upepo. Chochote chepesi kitaruka. Niliweka mkate na jibini juu, nikarudi nikakuta mkate uko uchi na jibini imekwenda kujibandika kwenye koili inafuka moshi, kengele ya moshi ikalia, jirani akagonga akidhani kuna jambo. Karatasi ya kuokea usiweke ikiwa tupu, lazima chakula kiikalie, la sivyo inapaa inakwenda kwenye moto. Na unga wa majimaji, ule wa kuchovya kama uji mzito, sahau kabisa, kwenye mafuta ya moto ungeganda pale pale, humu unachuruzika kwenye matundu unaganda chini, unapata kuku mtupu na chapati moja yenye nakshi za wavu.

Bisi nazo nilijaribu, ndiyo, najua, mwongozo ulikataza, mimi huwa sisomi mwongozo mpaka kitu kiharibike. Punje ya mahindi inapasuka kwenye nyuzi 180 hivi, nikasema si hii inafika 200, shida iko wapi? Shida ni kwamba punje ikipasuka inakuwa nyepesi, na nyepesi tumeshasema inaenda wapi. Nilisikia zinagonga juu kama mvua ya mawe kwenye bati. Zilipasuka chache, nyingine zikabaki zinaniangalia, na mbili sikuziona tena, nadhani bado zinaishi huko ndani na ndo maana tangu siku ile feni ina kasauti kengine.

Kuhusu afya, mafuta yanapungua kweli, kijiko kimoja na karai zima si sawa. Lakini ukila sahani tatu kwa sababu chakula hakina mafuta, bado umekula sahani tatu. Na usisubiri viazi viwe vyeusi ukidhani ndo ukrispi, tangu 2002 wanasayansi wa Sweden walipoonyesha kuwa vyakula vya wanga vikichomwa sana vinatengeneza kitu kinaitwa akrilamaidi, ushauri umekuwa ishia kwenye rangi ya dhahabu.

Ila sasa, nikiulizwa kwa nini sijaiuza, jibu ni chipsi za jana. Hapa naipigia saluti. Chipsi za jana kwenye maikrowevu ni msiba, kwa sababu maikrowevu inachemsha maji yaliyo ndani, yanakuwa mvuke, mvuke unatoka nje unalowesha ganda, unapata kitu cha moto kinachoinama kama mshumaa juani. Humu nyuzi 190, dakika nne, hewa inakausha lile ganda upya na chipsi inasimama wima. Inasimama! Naikamata upande mmoja naiangalia, haiinami. Pitsa ya jana hivyo hivyo, chini inarudi ngumu na juu inayeyuka. Kwa hiyo kama mpasha kiporo mimi nampa 10 kati ya 10, mpishi 6, na usafi nampa 3, kwa sababu wanasema droo inaoshwa kirahisi lakini kile kikapu kina matundu madogo na kila tundu lina kumbukumbu ya kuku tofauti, nakisugua na mswaki wa meno wa zamani, na naomba uwe na alama kabisa huo mswaki, sitaeleza kwa nini.

Mtu aliniuliza kwenye vidio iliyopita, ninunue au nisinunue? Unaishi peke yako au mko wawili, nunua. Mna oveni ya feni inayofanya kazi, tayari mnayo, punguzeni tu trei na mpange chakula kwa nafasi. Mko saba, nunueni sufuria kubwa mpendane...

Haya, imelia! Mmesikia? Ting ting ting, inalia mara tano kama ina deni na mimi. Subirini nisogeze maiki, nataka mpate ile krrr laivu, bila seleri bila nini. Navuta droo. Oooh, tazameni hapo juu, rangi ya dhahabu, harufu... ngoja. Ngoja kidogo. Huku chini mbona vimeshikana, vyeupe, hivi vimekuwa kama...

Sikutikisa.

Dakika kumi na nane nimekaa nawafundisha kutikisa. Sawa. Kamera njoo huku, hapana, juu, baki juu, chukua hiki cha pembeni ndo kizuri, usishuke hapo chini, nimesema usishuke.