Cookham, kijiji cha mto Thames: uzoefu wangu kwa anayepanga kwenda

Cookham iko Berkshire, magharibi mwa London. Naipendekeza kwa moyo wote, ila anza na jumba la sanaa la Stanley Spencer kabla ya kushuka mtoni. Mchoraji huyo alizaliwa kwenye barabara kuu ya kijiji hiki mwaka 1891, na ukishaziona picha zake, kila kona utakayopita itakuwa na maana.

Jumba hilo lilikuwa kanisa la Wamethodisti alikosali utotoni. Ni dogo, saa moja inatosha. Humo kimo kigari cha mtoto ambacho Spencer alikuwa akikisukuma kikiwa kimejaa rangi na brashi. Kuna pia picha kubwa ya Kristo akihubiri kwenye mashindano ya mashua ya Cookham, ambayo haikuwa imekamilika alipofariki mwaka 1959. Kwangu mimi, picha hiyo peke yake inatosha kukufikisha huku: mistari ya penseli imebaki kwenye turubai, nawe unaona alivyokuwa akichora umbo lote kwanza, kisha akijaza rangi kipande kwa kipande. Picha hubadilishwa kila onyesho, na majira ya baridi siku za kufungua hupungua, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti yao.

Dakika chache kwa miguu utafika kanisa la Holy Trinity. Makaburi yake ndiyo yaliyomo kwenye picha ya Spencer ya ufufuo, The Resurrection, Cookham (1924–1927), wafu wakiinuka hapo hapo kijijini; picha yenyewe iko jumba la sanaa la Tate, London. Njia ya wapita kwa miguu ya Thames inapita katikati ya makaburi hayo hadi mtoni. Daraja la chuma unaloliona ni la mwaka 1867. Ni jembamba, magari hupishana kwa taa, hivyo mwenye gari asipange kulivuka kwa haraka. Kila Julai mashua za kuhesabu batamaji hupita hapa, desturi ambayo Spencer naye aliichora.

Usafiri: panda treni London Paddington hadi Maidenhead, ubadilishe ya kwenda Marlow. Treni hiyo ya pili kwa kawaida ni moja tu kwa saa, ukiikosa utasubiri sana. Pangilia safari kwa kuanzia nayo. Kata tiketi ya hadi Cookham kabisa. Stesheni iko Cookham Rise, kama kilomita moja kutoka kijiji cha zamani. Utavuka uwanda wa Cookham Moor, ambako njia imeinuliwa juu ya tuta kwa sababu maji ya mto hujaa pale.

Mwenye nguvu afuate mto kama kilomita 5 hadi Maidenhead, akiitazama misitu ya Cliveden ng'ambo. Ukifuata mto kuelekea upande wa kinyume, malisho ya Cock Marsh yana vilima vya makaburi ya Enzi ya Shaba, lakini kuanzia Novemba hadi Machi huwa tope tupu. Vaa mabuti, na mwenye kigari cha mtoto aishie kwenye daraja.